Bwana Swynnerton na Miti ya Shinyanga

Gongoni ni sehemu mojawapo ya mji wa Tabora, na zamani mji huo ulikuwa kituo kikubwa cha misafara. Watu walitoka Bagamoyo kwa miguu, wakapita Ugogo, wakafika Unyanyembe baada ya miezi mitatu hivi. Kutoka hapo wengine walishika njia ya Ujiji, na wengine walikwenda kaskazini mpaka Ziwa la Viktoria. Nguo, shanga, baruti na pembe za ndovu, vyote vilichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili. Mgeni asiyeijua nchi angeuliza kwa nini mizigo ile haikupakiwa juu ya farasi au kuvutwa na ng'ombe. Sababu kubwa ilikuwa mdudu mdogo aitwaye mbung'o. Katika mapori mengi ya njia ile mbung'o walikaa kwa wingi, na mnyama wa kufugwa aliyeumwa nao alikonda, akadhoofika, akafa.

Mbung'o hufanana na nzi, lakini ni mkubwa kidogo, naye akitua hulaza mabawa yake moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa. Chakula chake ni damu tu. Huchukua ugonjwa wa nagana na kuwatia ng'ombe, na baadhi yao huchukua ugonjwa wa malale na kuwatia wanadamu. Lakini mbung'o ana udhaifu mmoja, maana hawezi kustahimili jua kali la mchana mahali peupe. Maisha yake yako katika kivuli cha miti. Kwa hiyo mtu atakaye kumfukuza mbung'o huishika miti kwa shoka. Na miti hiyo hiyo ndiyo inayoushika udongo. Habari ya Charles Swynnerton ni habari ya mtu aliyetumia maisha yake kujifunza jambo la kwanza. Habari ya nchi ya Shinyanga baada ya kufa kwake ni habari ya watu waliojifunza jambo la pili, nao walijifunza kwa taabu.

Charles Francis Massy Swynnerton alizaliwa mwaka 1877 huko Lowestoft, mji ulio pwani ya mashariki ya Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa askari katika Bara Hindi, na kwa hiyo mtoto alikaa huko sehemu ya utoto wake. Tangu udogo alipenda ndege, wadudu na mimea kuliko michezo mingine. Karibu na mwisho wa karne ya 19, akiwa kijana wa miaka kama 20, alivuka bahari akaja Afrika ya Kusini, kisha akaenda Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo huitwa Zimbabwe. Hapo alipata kazi ya kusimamia shamba liitwalo Gungunyana, karibu na mpaka wa Msumbiji, akakaa karibu miaka 20.

Kando ya shamba lile palikuwa na msitu wa Chirinda. Ni msitu wa zamani sana, wenye mikangazi mirefu ambayo watu kadhaa wakishikana mikono ndipo huweza kuizunguka. Swynnerton aliuingia msitu huo mara nyingi, akakusanya mimea, ndege na wadudu, akavipeleka kwa wenye elimu wa London. Ndege mmoja mdogo wa misitu ile amepewa jina lake mpaka leo. Tena alifuga ndege nyumbani kwake, akawapa vipepeo vya namna nyingi, apate kujua ni vipi wanavyovila na ni vipi wanavyovikataa. Kazi ya namna hiyo huwachosha watu wengi, kwa sababu lazima jambo moja lijaribiwe mara mia kabla halijaaminiwa. Yeye hakuchoka. Desturi yake ilikuwa kutazama kwanza, kuandika alichokiona, na kunena baadaye.

Mwaka 1918 alitakiwa kwenda upande wa pili wa mpaka, katika nchi ya Mossurise iliyo Msumbiji, kuchunguza habari za mbung'o. Hakutazama wadudu peke yao. Aliketi na wazee, akawauliza habari za zamani. Wazee wakamweleza ya kuwa katika siku za Umzila, mfalme wa Wanguni, nchi ile ilikuwa haina mbung'o, na ng'ombe walilisha bila hofu. Mfalme alikuwa ameamuru watu wake wahamie kwa wingi katika mapori yenye mbung'o. Watu walikata miti kwa kujenga na kulima, wakawinda wanyama wa porini, na mbung'o wakakosa kivuli na chakula. Halafu mwaka 1889 mfalme Gungunyana, mwana wa Umzila, alihamia kusini pamoja na watu wengi. Mashamba yakaachwa, pori likarudi, na mbung'o wakarudi pamoja nalo.

Swynnerton alilishika sana fundisho la wazee wale. Alifahamu ya kuwa vita vya watu na mbung'o ni vita vya shamba na pori: watu wakiwa wengi na wenye nguvu pori hurudi nyuma, na watu wakipungua pori huja mbele. Mwaka 1921 aliandika habari hizo zikapigwa chapa, na wataalamu wakazisoma kwa makini.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza Waingereza walitwaa utawala wa Tanganyika kutoka kwa Wadachi. Mwaka 1919 Swynnerton aliwekwa kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama wa porini, na makao ya idara yalikuwa Kilosa. Siku zile watu wengi walifikiri ya kuwa njia ya kummaliza mbung'o ni kuwaua wanyama wote wa porini, ili akose damu. Swynnerton aliipenda njia nyingine, nayo ni kubadili makao yake, yaani miti na nyasi, mpaka nchi isimfae tena.

Nchi iliyokuwa katika hatari kubwa ilikuwa Shinyanga, kaskazini ya Tabora. Ni nchi ya Wasukuma, na ng'ombe kwao ndio mali, ndio mahari, ndio akiba ya siku ya njaa. Karibu na mwaka 1890 tauni ya ng'ombe iliingia Afrika ya Mashariki, ikaua ng'ombe wengi mno. Baadaye vita vya mwaka 1914 hata 1918 vikachukua wanaume kuwa wapagazi, na njaa na maradhi vikafuata. Watu walipopungua, miti ya migunga na vichaka ilimea katika mahame yao. Mbung'o wakasogea mwaka kwa mwaka. Mfugaji aliyelisha mahali fulani mwaka huu aliona mwaka ujao ya kuwa hawezi kupita hapo. Tena mwaka 1922 ugonjwa wa malale ulionekana Maswa, jirani ya Shinyanga, na watu wakafa. Jambo lenyewe lilikuwa dhahiri: ama watu walifukuze pori, ama pori liwafukuze watu.

Basi tangu mwaka 1923 hivi Swynnerton alishauriana na watemi wa Shinyanga. Miongoni mwa watemi wakubwa wa siku zile alikuwamo Makwaia wa Usiha, baba yake Kidaha Makwaia. Watemi wakawaita watu wao kama ilivyo desturi ya Wasukuma kufanya kazi kubwa kwa pamoja, na baada ya mavuno watu walikuja kwa maelfu wakiwa na mashoka. Walijipanga safu, wakaingia porini wakikata. Miti ilianguka, ikaachwa ikauke, ikachomwa moto. Mahali pale palipokuwa giza la miiba pakawa peupe, na mtu aliweza kuona mbali.

Lakini Swynnerton aliona upesi ya kuwa kukata si mwisho wa kazi. Kisiki cha mgunga hakifi kwa shoka moja. Mvua zikinyesha huchipua, na baada ya miaka michache pori husimama tena. Kwa hiyo alihimiza watu wahamie katika nchi iliyokatwa, walime na kufuga, ili visiki visipate nafasi. Watu wakahamia, na ng'ombe wakarudi. Katika mahali pengi mbung'o walitoweka, na mama aliweza kumpeleka mtoto wake kuchunga bila kuogopa malale. Hayo hayakuwa mambo madogo, na wazee wa Shinyanga waliyakumbuka kwa muda mrefu.

Mwaka 1929 serikali ilifanya idara ya peke yake ya kuchunguza mbung'o, makao yake Shinyanga, na Swynnerton akawa mkuu wake. Aliligawanya pori mafungu, kila fungu na jaribio lake. Katika fungu moja aliwaomba watu wasichome nyasi mapema, bali wangoje mpaka mwisho wa kiangazi, wakati nyasi zimekauka kabisa, ili moto uwe mkali na kuua vichaka. Katika fungu jingine alizuia moto kwa miaka, maana mbung'o wa Shinyanga hapendi kichaka kilichosongamana mno. Tena yeye na wenzake walijaribu kukata kwa kuchagua. Walitazama ni miti gani hasa ambayo mbung'o huihitaji, na ni mahali gani anapopata kivuli wakati wa joto kali, wakaikata hiyo na kuiacha mingine. Namna mojawapo ya mbung'o wa nchi ile imepewa na wataalamu jina la Swynnerton. Mwaka 1936 alitoa kitabu kikubwa cha kurasa zaidi ya 500 juu ya mbung'o wa Afrika ya Mashariki, na ndani yake alikusanya yote aliyoyaona.

Hakuishi sana baada ya kitabu hicho. Tarehe 8 Juni 1938 alikuwa akisafiri kwa eropleni pamoja na mwenzake B. D. Burtt, mjuzi wa mimea aliyeijua miti ya Tanganyika kuliko watu wengi. Eropleni ikaanguka, na wote wawili wakafa. Swynnerton alikuwa na umri wa miaka 60.

Kazi ya shoka iliendelea baada yake. Vichaka vikubwa vilikatwa katika miaka ya 1930 na 1940, na watu wakaongezeka. Tena sababu nyingine za kukata miti zilikuja juu ya ile ya kwanza. Pamba ilileta fedha, na mashamba yakapanuliwa. Ng'ombe wakawa wengi, na malisho yakaliwa mpaka mizizi. Kuni zilitakiwa kila jioni katika kila nyumba. Hata mbung'o walipokwisha kuondoka, miti iliendelea kuondoka.

Ndipo jambo la pili lilipoonekana. Mti huufanyia udongo kazi tatu. Kwanza, majani yake hulipokea tone la mvua linapoanguka kwa nguvu, hulivunja, nalo hushuka polepole. Pili, majani makavu yaliyoanguka chini, pamoja na nyasi, huifunika ardhi kama jamvi, na maji hupenya chini yake badala ya kukimbia juu. Tatu, mizizi huushika udongo kama vidole vinavyoshika unga. Mti ukiondoka na nyasi zikaliwa, tone la mvua huupiga udongo mtupu na kuuponda, na chembe ndogo huziba vitundu vya ardhi. Maji yaliyokosa njia ya kuzama hutiririka kufuata mteremko. Mwanzo hufanya vifereji vyembamba. Mwaka wa pili vifereji huungana. Baada ya miaka michache huwa korongo ambalo ng'ombe hawezi kulivuka. Tena udongo unaochukuliwa kwanza ni ule wa juu, nao ndio wenye rutuba.

Umbo la nchi ya Shinyanga huyaongeza hayo. Juu kuna vilima vya mawe, chini yake mteremko wa udongo wa mchanga ambao Wasukuma huuita luseni, na bondeni kuna mbuga ya udongo mweusi. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 600 hata 800 tu, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Mei, mara nyingi kwa dhoruba kubwa. Dhoruba ya kwanza huikuta ardhi imekauka na haina nguo. Na mahali palipochomwa mwishoni mwa kiangazi, hata majani makavu hayapo. Hivyo udongo wa juu ulishuka kutoka mlimani, na mkulima aliyepanda mtama mteremkoni akavuna kidogo kuliko baba yake. Wanawake walikwenda mbali mno kutafuta kuni, na mahali pengine watu walipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, ambayo yangalifaa kuwa mbolea ya shamba. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na Shinyanga wajukuu wa wenye mashoka waliyaona majuto hayo kwa macho.

Serikali ya Waingereza ilijaribu kuizuia hasara. Tangu mwaka 1947 palikuwa na mpango wa maendeleo ya Usukuma, na watu waliamriwa kufanya matuta ya kuzuia maji na kupunguza ng'ombe. Lakini mambo mengi yalifanywa kwa amri na faini, na watu wakayachukia. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970, watu walihamishwa kukaa pamoja vijijini, na miti iliyokuwa karibu na vijiji hivyo ikakatwa haraka.

Mwaka 1984 Rais Julius Nyerere, ambaye katika ujana wake alikuwa mwanafunzi wa shule ya Tabora, alizuru Shinyanga. Aliona nchi tupu, akahuzunika sana, akataka kazi ya kuiponya ianzwe. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI kwa kifupi. Mwanzo watu walipewa miche ya miti wapande. Lakini dawa kubwa ilipatikana kwa Wasukuma wenyewe. Tangu zamani walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho wakati wa masika na kuikataza kuliwa, ili iwe akiba ya ndama na ng'ombe dhaifu wakati wa kiangazi. Desturi hiyo ilikuwa imefifia. Mpango wa HASHI ukaifufua, na mabaraza ya wazee, yaitwayo dagashida, yakaweka sheria na adhabu kwa mwenye kuingiza ng'ombe au shoka ndani ya ngitili.

Hapo lilitokea jambo la ajabu. Chini ya ardhi ile tupu mizizi na visiki vya miti ya zamani vilikuwa vingali hai. Ng'ombe walipozuiwa, vilichipua. Kisiki kile kile ambacho kilikuwa adui wa Swynnerton, kwa sababu hakikukubali kufa, sasa kikawa rafiki wa wajukuu. Migunga ikasimama, nyasi zikafunika ardhi, na makorongo mengine yakaanza kupona. Mwaka 1986 ngitili zilizobaki zilikuwa hekta 600 hivi tu. Mpango ulipofika mwisho wake mwaka 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ikweta mbele ya mataifa.

Swynnerton hakuyaona hayo yote, wala si haki kumtwika makosa yote ya shoka. Aliwakuta watu wanaofukuzwa katika nchi yao na mdudu, akawaokoa wengi. Alitaka kila mti ukatwe kwa sababu inayojulikana, na hesabu yake ya mbung'o ilikuwa sahihi. Lakini katika nchi iliyokatwa iliwapasa watu wafanye hesabu nyingine, ya udongo, kabla mvua haijaifanya yenyewe. Na hiyo haikufanywa kwa wakati wake. Mwanawe, Roger Swynnerton, alikuwa bwana shamba, na mwaka 1954 alitunga mpango mkubwa wa kilimo cha Waafrika katika Kenya, na matuta ya kuzuia udongo yalikuwa sehemu ya mpango huo. Hivyo baba aliishughulikia miti, na mwana akaushughulikia udongo.

Mtoto wa Gongoni akitoka Tabora kwa njia ya Nzega huona miyombo pande zote mbili. Miti hiyo nayo hukatwa kila mwaka, kwa kukausha tumbaku, kwa kuchoma makaa, kwa kufungua mashamba mapya. Sababu hizo si mbaya zenyewe, maana watu lazima wale na wavae, kama watu wa Shinyanga walivyolazimika kuwalinda ng'ombe wao. Lakini udongo hauulizi sababu ya shoka. Maandiko yaeleza ya kuwa Adamu alipowekwa bustanini alipewa kazi mbili pamoja, kuilima na kuitunza. Watu wa Shinyanga waliitenga kazi ya kwanza na ya pili kwa muda wa miaka 60, na kuziunganisha tena kuliwagharimu jasho la watoto wao.